Visu vya Mzee: Kipi Kibaki Mfukoni



Dada mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ameniletea swali ambalo kwa juu laonekana dogo. Baba yake amepita miaka 80. Ujanani alikuwa fundi wa majahazi, na katika bati la biskuti chini ya kitanda chake ana visu vya kukunja 11, vingine alivinunua kabla huyu dada hajazaliwa. Mwezi uliopita alijikata kidole gumba akimenya embe. Kwa kuwa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, damu ilichukua muda kukoma, na nyumba nzima ikaingia hofu. Kaka zake wakakata shauri kwamba bati liondoke, na wakaliondoa alasiri, mzee alipokuwa msikitini. Tangu siku hiyo mzee hagusi embe wala chungwa. Akiletewa lililokwisha kumenywa husema yeye si mtoto mchanga. Dada auliza mambo mawili: je, ndugu zake wametenda haki? Na ikiwa visu havina budi kupungua, ni vipi vibaki?

La kwanza nitalijibu kwa ufupi, kwani halina utata. Mali ya mtu mwenye akili timamu ni yake hadi roho imtoke. Uzee peke yake haumwondolei mtu haki ya kutumia alicho nacho. Kinachoweza kumzuia ni kuondokewa na akili, na hata hapo msimamizi huitunza mali yake, haigawi. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza mtu kuchukua kitu cha nduguye kwa mzaha au kwa kweli, akataja hata fimbo, kwamba aliyeichukua airejeshe. Bati basi lirudi. Na lirudi likiwa na visu vyote 11, kwa sababu kikipotea kimoja mikononi mwa aliyelichukua, yeye ndiye mwenye dhamana yake, awe ni mwana au mgeni.

Lakini wana hao sitawalaumu kupita kiasi. Hofu yao ina msingi, na anayemwona mzazi wake anavuja damu hasubiri kusoma kitabu. Walichokosa ni kukaa naye chini. Mzee aliyechonga mbao miaka 50 anajua habari za makali kuliko wanawe wote wakikusanywa pamoja. Mtu kama huyo ukimwambia, "Baba, tukae tuvitazame visu vyako, kila kimoja ulikipata wapi na kipi bado kinakufaa," atavitoa mwenyewe, na huenda akavipunguza zaidi ya ulivyotaraji.

Na hapa ndipo swali la pili, ambalo ndilo lenye kazi.

Watu wa nyumbani wakitaka kuchagua huanza kwa kutazama kisu. Mimi nasema waanze kwa kutazama mkono. Mzee mwenye baridi yabisi vidole vyake huwa vigumu zaidi asubuhi, kabla mwili haujapata moto. Basi jaribio lifanywe wakati huo, baada ya Alfajiri na kabla ya chai: akikunjue kisu na kukikunja mara kumi, taratibu, bila kusaidiwa na bila kukibana mapajani. Kisu kinachomshinda saa hiyo si cha mfukoni tena, hata kiwe kizuri namna gani. Hapana haja ya mtu mwingine kumhukumu. Mkono wenyewe utamwambia.

Visu vingi vya kukunja hufunguliwa kwa ukucha, ambao hutiwa katika kijifereji kilichochongwa ubavuni mwa ubapa. Kile kisu chekundu cha Uswisi, ambacho asili yake ni kisu cha maafisa kilichosajiliwa na Karl Elsener mwaka 1897, ni cha namna hiyo. Ni kisu chema sana, chuma chake hakishiki kutu upesi katika hewa yetu ya chumvi, na kile kidogo cha urefu wa milimita 58 kina kimkasi ambacho kwa mzee kina faida kuliko ubapa wenyewe. Ila kucha za wazee huwa nene na hukatika, na springi ya kisu kipya ni kali. Nimewaona wazee wakikifungua kwa meno. Mzee akifika hapo, kisu hicho apewe mjukuu aliyekomaa, na yeye abaki na chenye sehemu ya ubapa iliyotokeza nje, ambayo huweza kubanwa kwa kidole gumba na cha shahada.

Wengi wetu twakijua kisu cha Okapi, chenye mpini wa mbao na mwezi na nyota za bati zilizopigiliwa ubavuni. (Mwezi ule hauna uhusiano na dini yetu, ingawa nimewahi kumsikia mtu akisema kwa yakini kuwa ni kisu cha Waislamu. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani huku Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini.) Kikikunjuliwa hutoa mlio wa krr-krr, kisha hujifunga; na ili kukikunja huna budi uvute kile kipete cha mgongoni kwa nguvu huku mkono wa pili ukirudisha ubapa. Kazi hiyo yataka vidole vyenye nguvu na visivyotetemeka, kwani kipete kikiponyoka, ubapa waweza kurudi juu ya vidole vilivyoushikilia mpini. Mzee mwenye mtetemo wa mikono, hiki ndicho nitakachomwomba akitoe mwanzo, japo najua ndicho atakachokipenda kuliko vyote.

Kuna kisu cha Kifaransa, Opinel, kilichotoka Savoie kwa mhunzi Joseph Opinel mnamo 1890. Mpini wake ni wa mbao, wa mviringo, unaojaa kiganjani. Tangu 1955 kimewekewa pete ya chuma shingoni. Ukiizungusha, ubapa haukunjiki tena mpaka uizungushe upande wa pili. Kwa mkono dhaifu, pete ya kuzungusha ni nyepesi kuliko springi ya kuvuta. Aibu yake kwetu ni kwamba mbao huvimba kwa unyevu. Masika yakianza ubapa hukwama ndani ya mpini, na mzee ataghadhibika. Watu wa Savoie hugonga kitako cha mpini juu ya meza, na ncha ya ubapa ikajitokeza. Kupaka nta ya mshumaa katika maungio nako husaidia. Cha namna hii, chenye ubapa wa sentimita saba au nane, ndicho ningelimwachia mzee wetu kimenye embe.

Kutoka mkononi twende machoni. Mwenye mtoto wa jicho huona weupe wa ubapa na weupe wa sahani kama kitu kimoja. Mpini mwekundu au wa manjano ni bora kuliko mweusi, kwa sababu kisu kilichoanguka mkekani huonekana kabla ya kukanyagwa. Na atafutiwe pahali pa kukatia penye mwanga wa dirisha na kibao cha mbao, aache kukatia kiganjani. Najua wazee wetu, na bibi zetu zaidi, wamekatia kiganjani maisha yao yote. Kiganja cha miaka 80 hakina ngozi ya kiganja cha miaka 40.

Kuhusu maradhi nitasema neno moja kwa ukali. Wazee wengi hutumia kisu cha mfukoni kukwangulia sugu za nyayo na kupunguza kucha za miguu. Mwenye kisukari asifanye hivyo kabisa, wala asifanyiwe na mwanawe kwa kisu hicho. Kisukari hufisha hisia za miguu, mtu akajikata asijue, na jeraha lake huchelewa kupona. Wapo waliopoteza mguu kwa kidonda kilichoanza kwa kitu kidogo kama hicho. Kupunguza kucha ni katika sunna za maumbile, na haikuamriwa ifanywe kwa kisu. Apelekwe kliniki ya kisukari, miguu yake itazamwe huko.

Sasa nyote jikoni mnisikilize, kwa sababu jambo hili hufanyika kwa nia njema na huleta madhara. Nimeambiwa kuwa zipo nyumba ambazo visu vya mzee huachwa makusudi viwe butu, ili asijikate. Kisu butu hakikati, basi mzee hukikandamiza. Akikikandamiza huteleza juu ya ganda la chungwa, na kinapofika kidoleni hufika na nguvu yote ya mkono. Kisu kikali huingia kwa uzito wake mwenyewe. Kisu atakachobaki nacho kinolewe, na kinolewe mara kwa mara. Kama hana tena kinoo, kitako cha kikombe cha kaure, pale pasipopakwa rangi, chatosha kurudisha makali: ubapa ulazwe, uinuliwe kidogo tu, upitishwe pande zote mbili kwa idadi sawa. Mzee asiyeweza kunoa tena amfundishe mjukuu wake wa kike au wa kiume, na nadhani dakika hizo kumi za kufundisha zitampa furaha kuliko kisu chenyewe. Msipake mafuta ya nazi katika maungio. Baada ya muda huganda yakanata. Tone moja la mafuta ya cherehani lafaa zaidi.

Na mnapopeana, kisu kikunjwe kwanza. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kupeana upanga ulio wazi, na alimwamuru mwenye kupita na mishale msikitini ashike ncha zake asije akamjeruhi mtu. Adabu hiyo ni ya kila chenye makali, na watoto wafundishwe wakiwa wadogo.

Vingapi vibaki? Sina idadi ya sharia hapa, nina maoni tu. Kimoja cha mfukoni, cha matunda, kamba na bahasha. Kimoja cha kazi aliyoizoea, ikiwa bado yupo mwenye kuifanya: mshona kofia, mchana ukindu, mwandishi wa khati. Mimi mwenyewe ninacho kidogo cha kuchongea kalamu za matete, na mwalimu wangu aliyenifundisha kuzichonga alituambia kuwa kalamu ikatwe kwa mara moja, mshazari, kwa kisu kisichofanya kazi nyingine yoyote, kwa sababu kikikata limau leo, kesho hupasua tete badala ya kulikata. Alikuwa na visu viwili tu duniani, na cha pili kilikuwa cha jikoni kwa mkewe. Kisha mzee abaki na kimoja cha kumbukumbu, hata kama hakifunguki tena. Kisu kilichoshikwa na kutu hakimdhuru mtu kikiwa ndani ya bati, na kukigusa kwaweza kumrejesha mtu mahali ambapo wanawe hawawezi kumpeleka.

Hapo huwa vimebaki vinane vya kutoa, na kutoa nako kuna hukumu zake. Mzee akisema, "Hiki ni chako nikifa," huo ni wasia, si hiba. Wasia hauzidi thuluthi ya mali, na kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie. Kwa hivyo mwana aliyeahidiwa kisu kwa maneno hayo, baba akifa, hana haki ya kukichukua mbele ya ndugu zake. Mjukuu ambaye baba yake yu hai si mrithi, na mtoto wa binti si mrithi. Hao wasia wao hupita. Ama mzee akitaka kuwapa wanawe, awape leo akiwa na afya, na wakipokee mikononi mwao, kwani kwa madhehebu yetu ya Shafii hiba haithibiti mpaka ipokewe. Kisu kilichofungwa karatasi yenye jina na kurudishwa batini hakijatolewa. Aliyefika katika maradhi ya mauti, kutoa kwake huhesabiwa kama wasia, basi jambo hili lisingojewe hadi kitandani.

Tena awape kwa usawa. Yajulikana kisa cha Nu'man bin Bashir, aliyepewa na baba yake zawadi wasiyopewa nduguze, na Mtume (s.a.w.) akakataa kuishuhudia. Na hapa nawageukia kina baba wenzangu. Kwa nini visu huenda kwa wana wa kiume tu? Yule dada aliyeniandikia ndiye anayeparuza samaki wa nyumba ile kila siku. Huenda katika wana wote hakuna atakayekitumia kisu cha baba yake kuliko yeye. Aulizwe.

Kina mama wengine huniuliza ikiwa mwanamke aweza kuchinja kwa kisu alichoachiwa na baba yake. Aweza, na kichinjwa chake ni halali. Mjakazi wa Ka'b bin Malik alimchinja mbuzi aliyekaribia kufa kwa jiwe lenye makali, na Mtume (s.a.w.) akaruhusu aliwe. Ama mzee ambaye macho yake yamefunga, kichinjwa chake ni halali pia, lakini wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema ni makuruhu kipofu kuchinja, kwa kuwa aweza kukosea mahali pa kukata akamtesa mnyama. Basi kisu cha Idi, kilicho kirefu zaidi, akikabidhi kwa mwenye macho, na yeye akae pembeni atazamwe kwa heshima. Aliyekabidhiwa akinoe mbali na mnyama, wala mnyama asikione.

Kuna kisu kimoja ambacho naomba mkitenge kabla ya kukigawa. Visu na majambia ya zamani huwa na mipini ya pembe, na si kila pembe ni ya ng'ombe. Pembe za ndovu zilipita bandari zetu kwa karne nyingi, na mipini ya majambia ya Yemeni ilikuwa ikichongwa kwa pembe za kifaru. Kenya ilichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 kumiliki au kuuza kitu kama hicho bila kibali ni kosa lenye adhabu nzito. Kijana asiyejua, akikipeleka sokoni ili apate fedha za matanga, aweza kuishia kizuizini. Kisiuzwe, kisipewe mtu. Waulizwe Shirika la Huduma za Wanyamapori kwanza, na ni bora mtu mzima wa familia aende na wakili.

Wapo wanaoweka kisu chini ya mto wa mtoto mchanga ili kumkinga na shari. Sijaona dalili yake katika dini, na hatari yake naiona kwa macho. Kisu cha babu kisitumiwe hivyo, hata akiwa ni bibi mzaa mama anayehimiza.

Limebaki moja, nalo huwa mara nyingi limelala chini kabisa ya bati. Mafundi huazimana vyombo. Baada ya miaka 40 ya kufanya kazi pwani moja, ni nadra kukuta vyombo vyote ni vya mwenyewe. Mnapokaa na mzee, msimwulize tu kipi akipenda. Mwulizeni kila kisu kilimfikiaje. Akisema, "Hiki niliazima kwa fulani," basi hicho si cha kubaki wala cha kutoa. Ni amana, na warithi wa fulani watafutwe, hata kama thamani yake haifiki nauli ya kuwatafuta. Wakikosekana baada ya juhudi ya kweli, aulizwe Kadhi. Na jina la mwenyewe, na la mtaa wake, na la jahazi walilolijenga pamoja, liandikwe katika karatasi ifungwe kwa uzi mpinini sasa hivi, maadamu mzee bado analikumbuka.